UZI: Ninayoyaona nikifungisha ndoa ufukweni Dar, na kwa nini nang'ang'ania viapo visikike

#1 Mchungaji Ng'ambo

Bwana Yesu asifiwe, na kwa ndugu zangu Waislamu, asalaam aleykum.

Wakuu, mimi ni mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti hapa Dar. Jina la kanisa naliweka kando kwa sababu siandiki kwa niaba yake. Kwa miaka kadhaa sasa vijana wananiomba niwafungishie ndoa ufukweni: Kigamboni kuanzia Mji Mwema kwenda kusini, Mbezi Beach, Kunduchi, mara chache Coco. Zamani maombi ya namna hii nilikuwa nayapata kwa Watanzania wanaoishi nje, wanaorudi likizo. Leo wanaonifuata ni watoto wa Tabata, Mbagala na Kimara, wenye kamati ya harusi na michango kama kila mtu. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa 2016, safari ya ng'ambo ikaacha kutegemea foleni ya pantoni peke yake, na nadhani hilo nalo limechangia.

Nikilitaja jambo hili mbele ya wachungaji wenzangu au wazee wa kanisa, mjadala unaishia palepale: inafaa au haifai, ni ibada au ni kuiga. Nitaligusa hilo. Ila linaloninyima usingizi usiku wa kuamkia ndoa ya ufukweni ni hili: kesho, viapo vitasikika?

Maana ndoa inafungwa na wale wawili kwa maneno ya vinywa vyao, mbele za Mungu na mbele ya watu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili. Sasa shahidi asiyesikia ameshuhudia nini? Ameona shela, ameona pete, amepiga makofi. Siku wale wawili wakifarakana, yeye ndiye anayetakiwa aende kwao jioni, akae kwenye kochi, amwambie bwana: "Nilikuwepo. Nilikusikia ulivyomwahidi." Kanisani kuta na dari vinarudisha sauti. Pwani hakuna kinachoirudisha.

Nianze na upepo. Pwani yetu inatazama mashariki, na pepo zetu mbili kubwa, kaskazi ya Desemba hadi Machi na kusi ya katikati ya mwaka, zinatufikia zikitokea baharini. Alasiri upepo unazidi. Wapambaji wanapenda kuweka tao la maua karibu na maji, viti vitazame bahari, maharusi wamtazame mchungaji na kuwapa watu mgongo. Kwa picha pamependeza. Kwa sikio ni shida tupu: maharusi wanasema wakiwa wameelekea upepo, mawimbi yanapiga, mivinje inavuma nyuma, na kuanzia mstari wa tatu watu wanaangalia mabega. Mimi huwageuza. Maharusi wanasimama ubavu kwa bahari, wanatazamana, na wasimamizi wao wawili ambao ndio mashahidi nawasogeza hadi wanaweza kuwashika mkono. Wazazi wanakaa mbele kabisa, pande zote mbili. Kamati, hata iwe imechanga nini, inakaa nyuma ya wazazi.

Halafu maji. Hapa nawaomba maharusi wote wanaopanga tarehe wasome polepole. Mwezi ukiwa mpevu, na vilevile ukiwa mwandamo, ni bamvua. Dar bamvua linapwa na kujaa kwa tofauti ya zaidi ya mita tatu, na siku hizo maji yanafika juu kabisa kwenye saa kumi, saa kumi na moja jioni. Saa hiyohiyo ndiyo karibu kila mtu anaitaka kwa ndoa ya ufukweni! Na wapiga picha wanawashauri wachague mwezi mpevu, kwa sababu jioni hiyo mwezi unachomoza kutoka baharini wakati jua linazama nyuma yetu, upande wa nchi kavu. Ni uzuri ambao hata mimi nimesimama nikauangalia. Ila mchanga uliouona Jumamosi iliyopita ukaulipia, Jumamosi ya ndoa saa kumi haupo. Viti mia viko kwenye kipande cha mchanga chembamba, watu wanapanda kwenye mizizi, na kila wimbi likija macho yote yanakwenda miguuni. Kiapo kinapita bila mtu kukisikia.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: saa kumi jioni maji yako mbali, ufukwe ni mpana, mawimbi yanasikika kwa mbali. Kwa hiyo mkija kwangu na tarehe, la kwanza ninalofungua ni kalenda ya mwezi, kisha nampigia mvuvi ninayemfahamu. Habari ya ukumbi na keki baadaye.

Na kuna dakika tano za kutia sahihi, ambazo wapiga picha huzipita haraka na mimi nazipenda kuliko zote. Meza ya plastiki ukiiegemea kwenye mchanga, mguu mmoja unazama na kalamu inateleza. Tunaweka vipande vya mbao chini ya miguu yote minne. Kurasa nazibana kwa vibanio vya nguo, kwa sababu jiwe linamwaga mchanga kwenye karatasi na mchanga unaukwaruza wino. Bwana harusi mmoja alifika mezani mikono imelowa jasho na chumvi. Akamwomba mama yake leso, akajifuta kidole kimoja kimoja, ndipo akaishika kalamu, akaandika jina lake polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Watu wote walinyamaza wakimsubiri. Upepo ulikuwa unapeperusha tai yake begani na hakuishughulikia.

Naendelea chini.

---

#2 Mchungaji Ng'ambo

Niwape tukio moja kwa urefu, maana ndilo lililonifanya niwe mkali kwenye hili.

Kunduchi, siku ya kusi kali. Bibi mzaa mama wa bibi harusi alikuwa ametoka Upareni kwa basi. Miguu haimbebi, kwa hiyo alikuja na kiti cha magurudumu, na kiti kile kikakwama hatua chache tu kutoka kwenye lami. Vijana wanne wa kwaya wakambeba na kiti chake. MC, kwa nia njema ya kumpatia kivuli, akaagiza awekwe chini ya turubai pamoja na wazee wengine, nyuma kabisa.

Viapo vikasemwa. Maharusi walitumia maiki, lakini spika ya upande wa turubai ilikuwa inakatika. Bwana harusi alipomaliza, vigelegele vikalipuka. Nikainua macho nikaona mkongojo uko juu, pale kwenye turubai. Nilidhani bibi anashangilia. Lakini mkongojo haukushuka. Nikawaomba watu watulie, nikaenda.

Akanishika mkono akasema: "Mchungaji, mimi nimetoka mlimani kuja kusikia. Sijasikia."

Nikarudi nikawachukua maharusi. Wakatembea katikati ya viti, shela limekusanya mchanga na majani ya mvinje, wakapiga magoti mbele ya kile kiti. Hakuna maiki. Bwana harusi akaanza upya, na safari hii ilibidi aseme polepole na kwa nguvu, kwa sababu bibi alikuwa ameinamisha sikio la upande mmoja. Alipofika "katika afya na ugonjwa" akakwama, koo limemkaba. Bibi akatikisa kichwa: "Haya, endelea." Akaendelea. Bibi harusi naye akasema yake, akimwangalia mumewe na huku ameshika goti la bibi.

Watu wa video walilalamika kwamba kwa mbali walipata migongo tu. Kisheria viapo vya kwanza vilitosha, mashahidi wawili walikuwa karibu na walisikia. Lakini mimi moyoni naamini familia ile ilifunga ndoa pale kwenye turubai. Tangu siku ile kabla ya ibada nauliza: nani hapa ana shida ya kusikia, na nani hawezi kutembea mchangani? Hao ndio wanaopangiwa viti kwanza, na kivuli kinawafuata mbele, si wao kukifuata nyuma.

Jambo jingine ninalolishukuru. Dar ni jiji la pwani, na familia nyingi zimechanganyika. Bibi harusi Mkristo ana shangazi Muislamu, bwana harusi ana baba mdogo Muislamu. Ndoa ikiwa kanisani, mara nyingi ndugu hao hubaki nje chini ya mti wakisubiri watu watoke, na wanabaki kwa heshima, sina neno nao. Kigamboni niliona mama wa baibui anasimama mbali, anasogea, mwishowe binti wa kaka yake akamfuata akamkalisha mstari wa mbele. Alisikia kila neno. Nilipouliza jamaa wa pande zote mbili kama watawasaidia wale vijana kuitunza ndoa yao, yeye ndiye aliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote: "Tutawasaidia, inshallah." Nani mwingine katika ukoo angekwenda kuwapatanisha vizuri kuliko yule?

Sasa sheria, kwa ufupi, maana watu wanadhani ufukweni mambo ni mepesi. Notisi ya kusudio la kuoana ni siku 21 kabla, palepale. Matangazo ya kanisani yapo. Mafundisho ya ndoa yapo. Kiongozi wa dini anayefungisha ndoa lazima awe na leseni ya serikali, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndiyo inayoshughulika nayo. Nje ya kanisa, mimi sikubali mahali hadi wakuu wangu wa kanisa wajue na ofisi ya msajili iulizwe. Visiwani, Mbudya na Bongoyo, kuna hifadhi ya bahari na taratibu zake za kuingia, juu ya hiyo kuna boti, na wazee wanaogopa boti. Sipendekezi.

Kuna vijana nimewakatalia. Walitaka nije nisome maneno, wapigwe picha, na "cheti tutashughulikia baadaye". Hawakuwa wametoa notisi wala hawakuhudhuria mafundisho. Niliwaeleza kwamba nikisimama pale na joho langu, mama wa yule binti ataamini mwanawe ameolewa, na atakuwa hajaolewa. Sikuweza kumfanyia mama yule hivyo. Walimpata mtu mwingine. Bado nawaombea, na mlango wangu uko wazi.

Karibuni tuzungumze.

---

#3 Mzee wa Ukonga

Mchungaji, nimesoma yote kwa utulivu na nakuheshimu. Lakini mimi mzee wa kanisa sikubaliani. Nyumba ya Bwana ipo, imewekwa wakfu, ina madhabahu. Kwa nini mtoto aliyebatizwa hapo akaoane kwenye mchanga ambako jana yake watu walikuwa wanakunywa pombe? Na Bwana mwenyewe alisema nani anayejenga nyumba juu ya mchanga. Mathayo 7. Hawa vijana wameona kwenye simu wakaiga. Kesho watataka ubatizo nao uwe wa picha.

---

#4 Mchungaji Ng'ambo

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umelisema waziwazi, maana baba mdogo wa bwana harusi mmoja alilisema hilohilo kwenye kikao cha familia, na andiko lilelile mkononi.

Nilimwomba alisome kuanzia mstari wa 24. Anayejenga juu ya mwamba ni "kila asikiaye hayo maneno yangu, na kuyafanya". Anayejenga juu ya mchanga naye amesikia, ila hafanyi. Kwa hiyo nyumba ya mchanga inaweza kuanzia mbele ya madhabahu ya marumaru, mzee wangu, na wewe na mimi tumeziona. Hilo halinifanyi nilidharau kanisa. Ndoa nyingi ninazofungisha bado ni za kanisani, na kijana akiniuliza nachagua nini, namwambia kanisani.

Ila siwezi kumwambia kwamba Mungu hasikii pwani. Harusi ya Kana ilikuwa ya nyumbani, Bwana akaalikwa, akaenda. Na katika Matendo 21, Paulo akiagana na ndugu wa Tiro, waume na wake zao na watoto waliwasindikiza hadi nje ya mji, wakapiga magoti pwani wakaomba. Wake na watoto, wote magotini mchangani. Mimi andiko hilo nalisoma karibu kila ndoa ya ufukweni, na nawaomba walioweza kupiga magoti wapige. Hata kwetu hapa, Azania Front na Mtakatifu Yosefu yamejengwa zama za Wajerumani yakitazama bandari. Wazee wetu wameoana pale honi za meli zikisikika dirishani.

La pombe umesema kweli, na ni sharti langu: mahali pale siku hiyo panakuwa pa ibada. Hakuna baa inayofunguliwa pembeni hadi kitabu kifungwe.

---

#5 Katekista Mbagala

Tumsifu Yesu Kristo. Nichangie upande wetu Wakatoliki ili vijana wasije wakalipia ufukwe kabla ya kuuliza. Kwa kawaida ndoa ya Wakatoliki wawili inafungwa katika kanisa la parokia. Kanuni ya 1118 ya Sheria za Kanisa inampa askofu wa jimbo uwezo wa kuruhusu mahali pengine panapofaa, lakini ni ruhusa yake, siyo ya padre wala ya kamati. Kwa hiyo msiende kwa paroko mkiwa mmeshachapisha kadi. Nenda mapema, eleza sababu, na ukijibiwa hapana, pokea. Wengi wanafunga ndoa parokiani asubuhi, kisha ufukweni wanafanya sherehe.

Na hili la kusikika limenigusa. Hata kanisani kwetu kwaya ikishangilia mapema, kiapo cha bibi harusi kinamezwa. Jumamosi hii nitamwambia mwalimu wa kwaya.

---

#6 Nahodha wa Mji Mwema

Asalaam aleykum wakuu. Mimi mvuvi, nimezaliwa ng'ambo hii. Mchungaji kwenye bamvua kasema kweli, saa kumi maji yako juu mpaka kwenye mivinje. Nyongeza yangu: kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo tarehe ikisogezwa siku tatu saa nazo zimesogea. Msiangalie wiki hii mkadhani wiki ijayo itakuwa vilevile.

Lakini nina lalamiko, na nalitoa kwa heshima. Kuna sehemu mnazifanyia harusi ambazo ni diko letu. Ngalawa zinatoka, zinarudi na samaki, na samaki hasubiri keki. Siku moja tumerudi na mzigo, kijana wa ulinzi wa harusi anatupungia mkono tukae huko huko majini, tusiharibu picha. Mawimbi yanatupiga, jua kali, samaki kwenye tenga. Tulikaa. Na walipoondoka waliacha maputo na vikaratasi vya kung'aa mchanga mzima, vingine vikaingia majini tukavikuta kwenye nyavu. Hili linauma.

---

#7 Mchungaji Ng'ambo

Nahodha, wa aleykum salaam. Nimelisoma hili mara mbili. Mlifanyiwa vibaya, na mahali pale mlikuwepo kabla ya sisi kuleta tao la maua.

Ninachofanya mimi: wiki ya ndoa naenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa diko, siyo mpambaji wala mlinzi. Naeleza saa tunayoanza na saa tunayomaliza, namwuliza ngalawa zinatarajiwa saa ngapi. Mara nyingi jibu lake linatosha kutusogeza hatua mia mbili upande mwingine, na hakuna anayepoteza kitu. Ngalawa ikitokea katikati ya ibada tunaipokea. Nimewahi kusimamisha mahubiri, vijana wa bwana harusi wakakunja suruali wakasaidia kuivuta, kisha tukaendelea, na wale wavuvi wakasimama pembeni hadi baraka ya mwisho.

Maputo na vikaratasi vya kung'aa nimevipiga marufuku kabisa kwenye ibada zangu. Nimewaambia wanakamati: rusheni majani ya waridi au msirushe kitu. Na wapambaji wanaoleta majukwaa ya kudumu wajue Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni. Harusi ije, ipite, mchanga ubaki kama ulivyokuwa.

Namba yako nitaiomba faragha. Mvuvi mmoja wa kumpigia hanitoshi.

---

#8 Fundi Sauti Sinza

Mtumishi, mimi ndiyo kazi yangu, nikuongezee.

Maiki za kifuani pwani ziache, hata zenye sponji zinakamata upepo kifua kikigeuka. Tumia maiki ya mkononi yenye sponji nene, iwe vidole viwili kutoka mdomoni, na mtu mmoja kazi yake iwe kuwashikia maharusi. Wao mikono imeshikana, wakishika na maiki wanasahau kuisogeza. Spika mbili kubwa mbele zinawaumiza masikio wa mbele na nyuma haifiki, kwa sababu nje hakuna ukuta. Weka ndogo nne au sita kando ya viti, sauti ya chini. Jenereta ikae upande wa nchi kavu, mbali, upepo wa bahari utaupeleka mlio wake huko huko. Wengi wanaificha nyuma ya tao, ndiyo maana hamsikii kitu.

Na droni. Kwanza ina vibali vyake, siyo kila mwenye nayo anaruhusiwa kurusha. Pili inalia kama nini. Mimi nikiwa kazini namwambia mrushaji apande maharusi wakiingia, ashuke, apande tena wakishatia sahihi. Asiyekubali, basi achague yeye au kiapo.

---

#9 Mchungaji Ng'ambo

Fundi, Mungu akubariki. Hilo la mtu wa kuwashikia maiki naanza nalo mara moja. Nitampa msimamizi, atakuwa karibu na atasikia mara mbili.

---

#10 Binti wa Kimara

Shikamoo Mchungaji. Bwana asifiwe.

Mimi ndoa yangu ni Desemba, Kigamboni, saa kumi jioni, na baada ya kusoma uzi huu nimeangalia kalenda: mwezi unakuwa mpevu usiku wa siku hiyohiyo. Nimelia kidogo. Ukumbi wa jioni umeshalipiwa nusu, kadi bado hazijachapwa. Notisi na matangazo tunaanza mwezi ujao, mchungaji wetu ameshatukubalia na mafundisho tumeanza. Babu yangu upande wa baba haoni vizuri na masikio yamepungua, na ndiye aliyenilea. Tufanye nini? Mchumba wangu anasema tubaki saa kumi, maji yakija tutasogea.

---

#11 Mchungaji Ng'ambo

Marahaba binti yangu, na futa machozi, umeliona mapema.

Msibaki saa kumi. Bamvua halisogei kwa ajili ya mtu, na kusogeza viti mia katikati ya ibada ni kuvuruga kila kitu. Mna njia mbili. Ya kwanza ni kuahirisha kwa wiki moja mpate maji mafu, lakini ukumbi umeshalipiwa, kwa hiyo sikushauri. Ya pili, siku hiyohiyo fanyeni ibada asubuhi, saa tatu. Siku za bamvua maji yanapwa asubuhi, kuelekea saa nne na saa tano yako mbali kabisa. Ufukwe utakuwa mpana, na kaskazi saa hizo huwa bado haijachangamka. Mchana wageni wapumzike, jioni waende ukumbini kama mlivyopanga, na mwezi wenu mpevu mtaupata kwenye picha za jioni baada ya ndoa kufungwa.

Jua la asubuhi linatokea baharini, kwa hiyo viti visitazame bahari, wageni wataumia macho. Vitazame kusini, sambamba na maji. Desemba vuli inaweza kuwa bado ipo, hivyo turubai liwepo na kanisa la karibu liwe limeombwa mapema. Mvua ikinyesha mnaingia humo, bila kinyongo.

Babu asiwekwe na wazee wengine. Kiti chake kiwe pale mnaposimama ninyi, upande wa sikio lake zuri. Mwambie mchungaji wenu mapema, naye atapanga. Na mfanye mazoezi palepale ufukweni, siyo sebuleni, ujue sauti yako ikoje upepo ukivuma.

Mchumba wako asome alichoandika Nahodha hapo juu.

---

#12 Nahodha wa Mji Mwema

Binti, kama ni upande wetu huku, mje mniulize kabla hamjaweka alama. Asubuhi ya bamvua maji yakitoka kuna sehemu inabaki miamba na mwani, siyo mchanga, viatu vyeupe vitaharibika na wazee watateleza. Nitawaonyesha penye mchanga mgumu ambapo hata kiti cha magurudumu kinapita.

---

#13 Binti wa Kimara

Asante Mchungaji, asante Nahodha. Nimempigia baba, amekubali saa tatu. Mama ndiye aliyesita, kwa sababu ya kupamba usiku kucha, ila alipofika kwenye bibi wa Upareni alininyamazia kidogo, akasema sawa. Mchumba naye amesoma. Jumapili baada ya ibada tunavuka, na babu tunakuja naye.

---

#14 Mchungaji Ng'ambo

Vizuri. Jumapili hiyo mkifika, babu akae kwenye kiti, wewe simama hatua mbili kutoka kwake na useme jina lako na la mchumba wako kwa sauti ya kawaida. Akisikia, hapo ndipo mnaposimama. Asiposikia, sogea. Na waje na wasimamizi wote wawili, wakiwa na vitambulisho vyao, mchungaji wenu aandike majina yao kama yatakavyokuwa kwenye kitabu. Wengi wanaandikwa kwa majina ya utani hadi siku ya ndoa.

Wengine wenye tarehe zao, wekeni hapa nitaangalia mwezi pamoja na Nahodha.